Sufuria za Wakfu na Kura ya Mti

Nakumbuka Jumatano ile ya jua la utosi, hapa hapa Kansanga, niliposimama kwenye mlango wa stoo ya msikiti, mikono kiunoni, nikamnyima sufuria mtu aliyenifundisha alifu na bee. Mwanangu, nimefanya makosa mengi tangu nizaliwe. Mengine nimeyasahau, na mengine niliyapenda mpaka nikayarudia. Lile sijalisahau wala sijalirudia. Kaa nikuhadithie, na chai hiyo uinywe ingali moto, maana nyinyi vijana mkishika simu chai hupoa mpaka ikaota ngozi.

Umekuja kuniambia kwamba pale msikitini mmeunda kundi la kampeni, kwa kuwa maneno ya kura ya maoni yameanza tena kusemwasemwa. Mna WhatsApp yenu, fulana zinachapwa, na wewe umechaguliwa katibu. Hongera. Sitakwambia uache, mie si bibi wa kukataza. Nataka tu ujue kwamba njia unayoianza mwenzio nimeipita, na kuna mahali nilijikwaa kidole kikang'oka kucha.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Umri huo mtu hujiona ameshakomaa, kumbe bongo bado linatokota. Wazee wetu walikuja huku na misafara ya biashara kutoka pwani, wakaoa Waganda, wakabaki, na hadi leo twazungumza Kiswahili chetu nyumbani na Kiganda sokoni. Nilikuwa na watoto watatu, mdomo mrefu, na ufunguo wa stoo ya msikiti. Ufunguo huo ndio ulionitia kiburi.

Ndani ya stoo zilikuwamo sufuria nne kubwa, kila moja yaingia mbuzi mzima na mchele wake, pamoja na masinia, miiko mirefu na majamvi. Zote zilitolewa na bibi mmoja aitwaye Bi Tatu. Bi Tatu aliuza mukene pale Port Bell, dagaa wale wa ziwani, tangu ujana mpaka uzee, na kila Mungu alipomfungulia alinunua sufuria moja. Zilipotimia nne akawaita wazee, akasema mbele yao kwamba hizi ni wakfu, amemtolea Mungu. Mwenye shughuli, ya furaha au ya msiba, Mwislamu au Mkristo, achukue, apike, arudishe zikiwa safi. Sharti lake lilikuwa hilo tu. Magoti yalipomshinda akanikabidhi mie niwe mtunzaji.

Sasa ikaja kura. Kura yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Nchi ilikuwa ikiendeshwa bila vyama kushindana, na raia tukaulizwa: vyama vifunguliwe au visifunguliwe? Anayetaka apige kwenye alama ya mti, asiyetaka apige kwenye alama ya nyumba. Mti na Nyumba, basi. Lakini dini zote ziliingia uwanjani. Walokole walikuwa na kundi lao la kampeni, na kwaya, na spika kubwa. Nasi tukaunda letu pale msikitini, tukasimama na Mti. Tuliamini kwamba vyama vikifunguliwa kila chama kitazihitaji kura zetu, nasi Waislamu, wachache tulivyo, tutapata wa kutubembeleza. Hiyo haikuwa hoja mbaya, na hata leo siioni mbaya.

Mwenyekiti wetu alikuwa Hajji Twaha, kijana wa Kiganda mwenye duka la vipuri vya magari kule Nakawa. Mtu mkarimu, mchangamfu, lakini akishika maikrofoni haachi. Mie nikawa mkuu wa chakula. Jumapili tatu mfululizo nilipika pilau ya mkutano kwa sufuria za Bi Tatu, watu wakala, wakaimba, wakaondoka na fulana. Hajji Twaha akawa anasimama juu ya gari na kutangaza kwamba huyu nnyabo, yaani bibie kwa Kiganda, ndiye nguzo ya kampeni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mie nilitia ndoo nzima.

Maneno nayo hupanda ngazi, mwanangu. Wiki ya kwanza tuliwaita wale wa Nyumba wenzetu waliokosea. Wiki ya pili wakawa wasaliti. Wiki ya tatu nikasikia mtu anasema, na hakuna aliyemkanya, kwamba anayepiga Nyumba anaipiga vita dini. Hapo ndipo Hajji Twaha alipotoa pendekezo kwenye kikao: mtu wa Nyumba asipewe sufuria za msikiti mpaka kura ipite. Wote wakanigeukia mie mwenye ufunguo. Nikawajibu kwa maringo kwamba ufunguo uko kwangu na hautoki. Wakapiga takbiri. Takbiri kwa ajili ya sufuria, mwanangu! Astaghfirullah.

Na nilijua vizuri nani ataumia. Mwalimu Salehe, aliyetusomesha madrasa sisi sote, hata Hajji Twaha mwenyewe, alikuwa mtu wa Nyumba na hakuficha. Alikuwa akikaa barazani kwake na kumweleza kila apitaye. Yeye aliviona vyama vya zamani akiwa kijana. Alisema kila chama kilikuwa na kanisa lake, na Waislamu wakakatwa vipande viwili wakigombaniwa. Ndugu yake wa tumbo moja hakuja kumzika baba yao, kwa sababu waliosimama kaburini walikuwa wa chama kingine. Hicho ndicho kilichomtia hofu, wala hakikuwa kitu kingine. Nasi tulikuwa tunamcheka, tukisema mzee anaota mambo ya kale.

Jumamosi ya wiki ile alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Ramla. Jumatano akaja kufuata sufuria. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema amekuja kwa ile shughuli. Nikamweleza uamuzi wa kamati. Nikaongeza langu, maana ulimi hauna mfupa, kwamba akiwatangazia watu pale barazani kuwa ameiacha Nyumba, nitazibeba mwenyewe hadi kwake. Alizitazama sufuria nyuma ya bega langu. Kisha akanitazama mie.

"Vyama havijarudi bado, Mwanaidi," akasema, "na tayari tunanyimana sufuria."

Akageuka akaenda zake. Angenitukana ningepona haraka. Nilibaki pale mlangoni nikijiambia kwamba nimelinda dini, na moyo ukikataa kunijibu.

Utaniuliza, si angekodi sufuria mjini? Angekodi. Lakini mtaani kwetu harusi isiyopikwa na sufuria za Bi Tatu ilikuwa na maana moja, kwamba watu wa msikiti wamemtenga mwenye harusi. Wakwe walikuwa wanatoka Jinja, watu wa heshima zao. Wangeambiwa kabla hawajashuka kwenye gari. Ramla angeingia kwa mumewe akiwa binti wa mtu aliyetengwa, na neno hilo lingemfuata kila siku ambayo angegombana na mawifi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemfanyia bibi harusi, msichana niliyewahi kumsuka nywele.

Kesho yake asubuhi nikasikia hodi, na fimbo ikigonga kizingiti. Bi Tatu. Alikuwa hatembei tena zaidi ya choo na kibaraza, na hapo alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kwake, jasho linamtoka. Nikamkalisha, nikamwamkia, nikataka kumpa maji. Akayakataa kwanza.

"Nimekuja kuomba sufuria moja ya wakfu," akasema.

Nikamwambia sufuria ni zake, anaomba nini.

"Si zangu. Zingekuwa zangu nisingeyatesa magoti haya. Na nimesikia mmeweka sharti, kwa hiyo nakwambia mapema: mie nitapiga Nyumba. Unanipa au hunipi?"

Nikisema nampa, nimevunja neno langu la kikaoni. Nikisema simpi, nimemnyima mtu sadaka yake mwenyewe. Kabla sijachagua, akasema bila kupandisha sauti:

"Nilikupa ufunguo, Mwanaidi. Sufuria nilimpa Mungu. Wewe umekwenda kumnyang'anya Mungu, ukampa Hajji Twaha."

Baada ya hapo ndipo akaomba maji, na chai, akanywa yote, akauliza watoto wanaendeleaje shuleni. Wazee wa wakati ule walikuwa hivyo. Anakuchoma, halafu anakuuliza habari za nyumbani, nawe ujibu huku umeungua. Alipoondoka nililia kilio cha aibu, na sioni haya kukwambia. Nililia kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu niliijua tangu Jumatano.

Lakini majuto peke yake hayapiki pilau. Kosa nimelifanya mbele ya watu, nikaona nilitengue mbele ya watu. Ijumaa, baada ya swala, kamati ilipokaa madrasani, nikasimama nikasema nilikosea, sufuria ni wakfu, sharti lake liliwekwa na aliyezitoa, wala sisi hatuna uwezo wa kuliongeza. Nikasema leo hii nazipeleka kwa Mwalimu Salehe.

Hajji Twaha akakunja uso. "Nnyabo, wewe kama napeleka sufuria, toka kwa kamati. Sisi hapana taka mtu ya kukaa pande mbili."

Nilikuwa nimevaa fulana ya Mti juu ya gauni. Nikaivua, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya dawati mbele yake.

"Kura yangu ni ya Mti, Hajji, na nitaipiga," nikamwambia. "Sufuria si za Mti."

Nikatoka. Kifua, wallahi, kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza wiki ile.

Basi nikafungua stoo, na hapo nikakumbuka jambo ambalo hasira ilinisahaulisha: sufuria moja haibebwi na mtu mmoja. Wanawake wenzangu walikuwa wamesimama uani wakinitazama, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Nikaishika sufuria ya kwanza mkono mmoja nikaanza kuiburuta, inapiga kelele kwenye saruji mpaka meno yananiuma. Ndipo akatokea Mama Atieno, jirani yetu Mkenya, Mkristo, muuza mitumba, anapita na furushi lake. Akauliza nini hiyo. Nikamweleza kwa maneno machache. Akatua furushi.

"Mimi kura yenu sina," akasema, "kwa hivyo siogopi mtu. Leta hiyo kubwa."

Akashika sikio moja la sufuria, mie nikashika la pili. Tulipofika langoni nikasikia sufuria nyingine nyuma yetu inanyanyuliwa. Nikageuka. Aliyeinyanyua alikuwa Hadija, mke wa Hajji Twaha, na fulana yake ya Mti mwilini vile vile. Alimwita dada mmoja kwa kidole aje ashike upande wa pili. Baada ya Hadija hakuna tena aliyeogopa. Sufuria zote nne zikatoka, na masinia vichwani, na majamvi, na miiko, wengine wakibeba kifuniko kimoja watu wawili ili mradi nao waonekane wamebeba.

Tukaingia barabara ya Ggaba mchana kweupe. Mwanangu, natamani ungeliona jambo lile. Wenye maduka walitoka, watu wa baa walitoka na glasi zao mkononi, waendesha boda wakazima pikipiki. Mtu akaanzisha kigelegele, sijui nani, na ukajua sasa kwamba hilo si msafara wa mizigo tena, ni harusi. Mbele yetu likaja gari la kampeni, letu wenyewe, spika inapiga makelele Mti, Mti, Mti. Kijana wa maikrofoni akatuona. Akamwona mke wa bosi wake amebeba sufuria kwenda kwa mtu wa Nyumba. Akanyamaza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu barabara ikapumzika. Kisha sauti ikarudi, taratibu, ikiwaita mabwana na mabibi: "Harusi kwa Mwalimu Salehe, ssebo, nnyabo, kesho ni harusi kwa Mwalimu Salehe." Gari likageuza, likatutangulia, likatutangaza mpaka mlangoni. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na Mama Atieno akaniambia nishike sufuria vizuri, nitamwangushia kwenye vidole.

Ramla alitoka mbio, mikono imejaa hina mbichi, akatukumbatia kwa viwiko ili asituchafue. Babake akasimama kizingitini. Nikapiga magoti, kama tunavyofanya huku binti akimwamkia mzee wake, nikamwomba radhi watu wote wakisikia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Mwalimu hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Mchele haujachambuliwa."

Jumamosi pilau ilinukia tangu alfajiri. Wakwe wa Jinja walikula wakaulizana mpishi ni nani, nami nikajifanya sisikii ili waulize tena. Mti walikaa sinia moja na Nyumba, wakabishana midomo imejaa nyama, na hakuna aliyekufa. Adhuhuri ikapita, nikamwona Hajji Twaha langoni, anajidai anamtafuta mkewe. Bi Tatu, aliyekuwa ameketishwa kivulini na magoti yake, akamwita kwa jina lake la utotoni na kumwambia kwamba asiyekula harusi ya mwalimu wake atakula nini. Akaingia, kichwa chini. Mwalimu Salehe akamsogezea sinia, wakala pamoja.

Jumatatu Hajji aliita kikao, akanirudishia fulana yangu mwenyewe kwa mkono wake, akatangaza kwamba kamati haina mamlaka juu ya sufuria, wala maziko, wala ndoa, wala maulidi. Kisha akafanya jambo lililonishinda kuamini: alimwalika Mwalimu Salehe aje madrasani atoe hoja za Nyumba mbele yetu sisi wa Mti. Mzee alikuja. Alitutwanga kwa hoja, nasi tukamtwanga, tukatoka hapo tumejua zaidi kuliko tulivyoingia. Hiyo ndiyo kampeni bora niliyowahi kuiona, na haikuwa na pilau hata punje.

Siku ya kura ikafika, nikapiga Mti. Mti ukashinda, nchi nzima. Tulishangilia, kwa nini nikudanganye? Asubuhi yake, kabla sijamaliza kufagia, nikamwona Mwalimu Salehe anakuja. Nikadhani amekuja kulalamika. Akanipa mkono.

"Mmeshinda, Mwanaidi," akasema. "Basi sasa nionyesheni kwamba nilikosea."

Mwanangu, nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Kila ulipokuja msimu wa siasa, kila vyama vilipoanza kuvutana na watu wa msikiti wakaanza kuangaliana kwa pembe za macho, nilikumbuka kwamba kuna mzee nilimshinda na nina deni la kumwonyesha kuwa hofu yake haikuwa ya kweli kwetu. Alizikwa miaka kadhaa baadaye. Watu wa vyama vyote tulisimama kaburini kwake, na Hajji Twaha ndiye aliyeshuka ndani ya mwanandani kumpokea. Nililia siku ile, lakini nilirudi nyumbani kichwa juu.

Sasa nije kwako. Umeniambia, tena ukicheka, kwamba mmoja wenu ameandika kwenye kundi lenu kuwa familia zinazopinga upande wenu zifutwe kwenye orodha ya futari. Uliponiambia mie sikucheka, na sasa unajua kwa nini. Rudi ukamwambie hapana. Mwambie wewe katibu, mbele ya wote, maana ukihofia kidole kimoja kwenye simu, kesho utahofia mengi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Dini ina haki ya kusema kwenye kura, usikubali mtu akwambie haina. Semeni. Fundisheni watu swali lenyewe ni nini, maana wengi watapiga bila kujua. Waamsheni waende kituoni. Mkiona haki iko upande fulani, iteteeni kwa hoja, na msiogope kushindwa. Ila kile ambacho watu wanakifuata kwa Mungu, ndoa, maziko, swala, chakula cha mfungaji, msikigeuze fimbo. Hivyo hamkuvitengeneza nyinyi, mmepewa kuvishika tu, na cheo ni dhamana. Wala msimwambie mtu kwamba Mungu ana upande kwenye karatasi ile. Waliopiga Nyumba waliswali na mie safu moja, na mchana ule mlangoni mwa stoo nilijua nani alikuwa karibu na Mungu zaidi. Hakuwa mie.

Na kama umeshakosea, mwanangu, usikae na kosa kwa sababu tu uliwahi kulipigia takbiri. Lirudishe pale pale ulipolifanyia, hata kama wote wanakutazama. Utashangaa ni wangapi walikuwa wanangoja mmoja tu anyanyue.

Haya, nenda kwenye kikao chako. Mungu akupe hoja yenye nguvu na mkono mpole. Akuepushe na sifa za maikrofoni. Akujaalie ushinde kura yako, na asubuhi utakapoamka umeshinda, yule uliyemshinda aje mlangoni kwako kukupa mkono, bila kuogopa kama utamfungulia. Amin.